Mamako Asipokujua, Naosha

Kwa Somo, kioo kilikuja mwisho. Uliingia chumbani ukakikuta kimegeuziwa ukuta na kutupiwa leso juu, na ukitupa jicho upande ule tu, alikupiga kikofi cha goti. Akishamaliza kukupamba, kitu cha kwanza ni kuitwa mamako. Mama atasimama mlangoni akutazame. Akisema "Ndiye," kazi imekwisha, leso itaondolewa nawe utajiona. Akisita, hata kwa pumzi moja, Somo atafungua chupa yake ya mafuta ya nazi aanze upya, wageni wawe wameshajaa wasijae.

"Mamako asipokujua, naosha." Alituambia sote hivyo mapema, kabla hajafungua hata kikapu chake, ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Kwetu Lamu somo ni mwanamke anayemshika bi arusi. Anamfunda, anamtia hina, anampamba, na anakaa naye siku zile anapowekwa ndani. Mjini wako wengi. Lakini ukisema Somo, ukanyamaza hapo, mtaa wetu wote wa Mkomani ulijua wamtaja nani. Kwao sikujui na sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta yuko, kama nilivyoikuta misikiti, na sidhani kuna arusi ya mtaani kwetu tangu nipate akili ambayo mkono wake haukupita.

Namwandika kwa sababu. Siku ya arusi yangu nilimtolea neno baya, neno ambalo hata adui humwambii, kisha nikakaa miaka ishirini na mitatu bila kumtaka radhi. Nilikutana naye mara ngapi? Sokoni, matangani, kwenye arusi za wenzangu. Kila mara nilijiambia kesho. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wanaonijua wanajua, lakini hilo moja lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Neno lenyewe nitalisema nikifika. Niacheni kwanza nimsifu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye haraka. Aliwahubiria maharusi subira, naye hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza huku akiilaani. Usoni hakupaka kitu ila wanda, wanja wasemavyo wengine, mstari mmoja mwembamba. Krimu za kung'arisha ngozi alizichukia, akiikuta kwa bi arusi aliitupa dirishani bila kuuliza ya nani. Basi ungedhani ni mtu asiyejali uzuri wake. Wapi! Kila mwezi alijifungia chooni na rangi yake ya nywele, akatoka kichwa cheusi ti. Ukimtania alikukodolea mato. "Nywele zangu zimekataa kuzeeka. Wataka nizilazimishe?"

Na uongo alikuwa nao, tena uongo wa mchana kweupe. Alimnong'oneza kila bi arusi, mdomo sikioni, "Nimepamba wengi, lakini mzuri kama wewe sijamuona." Kuna ndugu wawili wa mtaani kwetu walioolewa wiki moja. Walipokutana baada ya fungate wakaanza kubishana Somo alimwambia nani, mpaka wakagundua kwamba amewaambia wote wawili maneno yale yale. Wakamwendea kwa hasira, wamevaa na mabuibui, mashtaka mawili mlangoni. Akawafungulia, akawatazama, wala hakutahayari. "Alkhamisi alikuwa huyu. Jumapili alikuwa huyu. Ningewapamba siku moja ningekuwa na taabu." Wakacheka, wakakaa, akawapa kahawa.

Hofu za maharusi alizijua kuliko daktari anavyojua homa. Siku ya hina alikaa chini mbele yako, akaukamata mkono wako, akaanza na kidole cha mwisho.

"Haya, nambia. Kidole hiki, waogopa ni?"

Ukisema, anakijibu kidole kile na kukitia hina, kisha anahamia kinachofuata. Bi arusi mmoja, nami nilikuwapo nikishika kibakuli, alisema anaogopa jasho litaharibu uso.

"Lamu hini nani hana jasho? Hata shekhe yuwatoka jasho. Tutakupepea. Kidole cha pili?"

"Naogopa kulia, wanda umwaike."

"Lia sasa, ukiwa huna wanda. Haya, lia." Msichana akajaribu, akashindwa, akacheka. "Yamekwisha hayo. Cha tatu?"

"Mama mkwe."

"Huyo hana dawa. Cha nne?"

Wengi hawakufika kidole cha saba. Walikaa wakifikiri, midomo wazi, hofu zimewaishia. Hapo Somo alifurahi kama mtoto. "Waona? Vidole vimebaki na khofu zimekwisha. Hivi twavitia hina ya raha tu." Hiyo hina ya raha aliitia polepole na kwa michoro mizuri zaidi, nami mpaka leo nikimwona bi arusi natazama vidole vipi vimepambwa kuliko vyenzake, nikajua hofu zake ziliishia wapi.

Kuna hofu moja ambayo wasichana waliona haya kuitamka, akawa anawasemea yeye: udhu. Bi arusi hupambwa alasiri, Magharibi inamkuta na uso uliokamilika. Atawadhe, poda yote iende na maji? Aache sala siku ambayo anataka dua kuliko siku zote? Somo alikuwa na utaratibu wake. Alasiri unaswali, unatawadha tena vizuri, ndipo anaanza kazi, na udhu ule unaushika mpaka Magharibi ipite. Kuushika si mchezo. Alikupa tende tatu na chai ya rangi, basi. Maharagwe ni haramu kuanzia jana yake. Na soda, ole wake wa kukuletea soda! Shangazi yangu mmoja alileta soda baridi kwa huruma, Somo akaichukua mkononi mwake akainywa yeye mwenyewe mpaka tone la mwisho. "Soda yaleta upepo," akasema, "na upepo ukitoka udhu umevunjika, ni hasara ya masaa mawili ya mikono yangu." Shangazi akasema, "Na wewe upepo wako?" "Mimi ntaswali nyumbani."

Juu ya udhu huu ndipo aligombana na yule binti wa bara. Binti huyu ni mke wa polisi aliyehamishiwa hapa, akafungua saluni karibu na sokoni, na wasichana wakaanza kumwendea na picha kwenye simu. Somo alisema hataki hata kumjua. Siku ya pili nikamkuta ameketi saluni mle, mikono kifuani, akitazama.

"Shosho, hii yangu ni poa sana," binti akamwambia, maana bibi kwao ni shosho. "Haitoki hata na maji."

"Haitoki na mai?" Somo akashtuka kwelikweli. "Basi udhu utaingilia wapi?"

Binti hakuwa Muislamu, hakujua. Somo akamweleza yote, kuosha uso, kuosha mikono, kwa nini maji lazima yaifikie ngozi. Binti akasikiliza, akatoa kidaftari, akaandika. Toka siku ile kila bi arusi aliyekuja kwake aliulizwa kwanza, "Umeshatawadha, mpenzi?" Somo akawa anamsifia mji mzima kwamba ana adabu kuliko sisi tuliozaliwa na adhana masikioni. Na jioni alikaa na simu ya mjukuu wake akitazama video za wapambaji wa nchi za mbali, akizozana nao. "Nyusi hizo, mama! Umemtia nyusi au umemtia masharubu?"

Sasa, mtauliza, na asiye na mama? Kwa sababu kipimo chake kilikuwa mama, na Mungu hakumpa kila mtu mama mpaka siku ya arusi. Somo hakulegeza. Alitafuta mtu aliyekujua uso wako toka mdogo, hata kama ni yaya, hata kama ni jirani. Mara moja alipelekwa Mkokoni, ng'ambo ya bara, kumpamba msichana aliyelelewa na babake tu, mvuvi, mama alifariki mtoto angali ananyonya. Shangazi hana, bibi hana. Somo akasema, "Aitwe babake."

Chumba kikachafuka. Mwanamume aingie kwa wanawake! Somo akaamrisha kila mtu ajifunike, aliyekuwa hana buibui akajitia nyuma ya pazia. Mzee wa watu akaletwa mpaka mlangoni, amevaa kanzu ya kuazima, macho sakafuni, akikataa kuyainua.

"Bwana," Somo akamwambia, "tazama. Huyu ndiye?"

Akatazama. Akatazama tena, na Somo mkono wake ukawa unakwenda kwenye chupa ya mafuta. Ndipo yule baba akasema, "Ndiye. Na nyusi hizo ni za mamake." Akageuka akaenda zake. Somo alitusimulia kisa hiki mara nyingi, na kila akifika kwenye nyusi alitafuta pembe ya leso yake apengee kamasi, akisema ni vumbi.

Haya. Sasa yangu.

Mimi nina baka shavuni, upande wa kushoto, jeusi, upana wa kifungo cha koti. Nilizaliwa nalo. Shuleni waliniita Wino. Nilijifunza kukaa darasani upande wa ukuta, kupigwa picha kwa upande, kushika mtandio kwa mkono wa kushoto hata wakati wa joto. Nikaposwa na kijana wa Pate aliyekuwa akija kwa kaka yangu, aliyeniona mara mbili tatu nikipita uani. Jamaa zake walikuwa hawajaniona. Sasa bi arusi siku ya kupambwa huwekwa juu, taa zote usoni, na wanawake wa pande zote mbili wanakaa kumtazama. Ndiyo kazi waliyoijia. Nilikuwa silali nikiwaza wanawake wa Pate watakavyoinamiana.

Siku ya hina Somo aliniuliza vidole kumi, nami nilikuwa nacho kimoja tu. Nikamwambia, "Baka." Akaniuliza vingine, nikasema sina, ni hilo tu, kwa vidole vyote.

"Wataka nilifunike?"

"Nataka lisionekane kabisa."

"Ntalifunika," akasema, na hakuongeza neno. Nikampenda siku ile.

Na kweli alilifunika. Aliagiza kitu kutoka Mombasa, akakaa nami tangu baada ya Alasiri, tabaka juu ya tabaka, mkono mwepesi. Nilijua limekwenda, kwa sababu wasichana waliokuwa chumbani waliacha kuongea. Nikaomba kioo. Akasema, "Mamako kwanza."

Mama akaja. Akasimama mlangoni. Macho yake yakanijia usoni, yakaenda shavuni, yakatafuta pale, yakazunguka, yakarudi tena pale. Kisha akasema, "Mashaallah, kapendeza," kwa sauti ile anayowapa wageni.

Hakusema ndiye.

Nikasikia kizibo cha chupa ya mafuta kikifunguliwa. Nikaruka. Nikamwambia Somo asiniguse. Nikasema nimeridhika mimi, uso ni wangu, arusi ni yangu, wageni washafika. Akakaa tu na pamba mkononi. "Nilikwambia mapema, mwanangu." Mama akasema, "Somo, mwache alivyo," lakini alisema bila kunitazama, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Ndipo nikalitoa lile neno. Nikasema, wasichana wote wasikia:

"Wanionea kijicho kwa sababu wewe hukupambwa!"

Tulikuwa tumesikia hivyo, uvumi wa wasichana, kwamba Somo aliolewa bila kupambwa. Sababu hatukuijua wala hatukuitafuta. Tulikuwa nao tu kama mtu aliye na jiwe mfukoni.

Somo hakubadilika uso. Aliichovya pamba kwenye mafuta, akaniinua kidevu kwa vidole viwili, akaniosha, taratibu, kama unavyomwosha mtoto aliyelala. Nami nililia kwa hasira, na machozi yangu aliyafuta kwa pamba ile ile. Akaanza upya. Akaniremba macho, midomo, nyusi, akaniweka liwa na asumini, na shavu la kushoto akaliacha kama Mungu alivyoliacha. Akaita, "Mama!"

Mama hakusimama mlangoni mara hii. Alikuja moja kwa moja akanibusu juu ya baka, mahali alipozoea kunibusu nilipokuwa mdogo. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyu wangu."

Nilipotolewa mbele ya watu mkono wangu wa kushoto ukatafuta mtandio, usiupate. Bibi mmoja wa Pate akainuka, akaja mpaka usoni pangu. Alikuwa mama mkwe. Akanishika shavu lile lile. "Mwanangu alinambia, ukiona mwenye alama hapa, ndiye. Nimekaa nikiogopa sitamjua." Akapiga kigelegele. Nikamtafuta Somo kwa macho. Alikuwa kule nyuma, anakunywa chai yake kwa kisahani.

Fungate ilipokwisha mama aliniita, akafunga mlango. Akaniambia kwa nini Somo hakupambwa. Mamake alifariki asubuhi ya siku ya kupambwa kwake. Wageni walikuwa wameshafika kwa mashua, wazee wakaamua nikaha isirudi nyuma. Akaolewa na leso safi tu, uso mtupu, ameelekea ukutani, na hakukuwa na mtu wa kumpamba wala wa kumtazama. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Nilitaka ujue." Ningependa angenipiga.

Miaka ishirini na mitatu! Ndani yake nimezaa watoto wanne, mama ametangulia mbele ya haki miaka minane sasa, na Somo akawa haitwi tena kwenye arusi, kwanza macho, kisha kumbukumbu. Bintiye akamhamishia kwake Wiyoni. Nikasema nitakwenda. Kesho.

Mwezi wa Shaaban uliopita, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, watu wakitakana radhi milangoni kama kawaida, nilikuwa kwenye arusi Mkomani. Yule binti wa bara alikuwa amenipamba na kulifunika baka, kwa heshima ya zamani, hakutaka hata nimlipe. Nikakaa kwenye kiti nikaona aibu imenipanda kutoka miguuni. Nikainuka katikati ya biriani. Nikashika pikipiki mpaka Wiyoni.

Somo alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, nywele nyeupe pe. Hazikukataa tena kuzeeka. Nikambusu mkono, nikakaa mbele yake.

"Karibu, Bi," akasema kwa adabu. "Nawe u nani?"

Nikamwambia jina langu. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesikia jina la mji asioufika. Nikamtaja mama, akatikisa tena. Bintiye akaniambia chini kwa chini, "Usione vibaya. Hata mimi siku nyingine huniita jirani."

Nikasema lile nililolijia. "Somo, nilikukosea. Niwie radhi."

"Nimekuwia, Bi," akajibu pale pale, vizuri sana, kama unavyomjibu mpita njia. Na mimi nikajua sikupata kitu. Radhi ya mtu asiyekujua utaipeleka wapi?

Nilikaa. Naye akanitazama usoni, akakunja uso kidogo, akatazama pembeni. Ndipo nikakumbuka nina nini usoni.

Nikamuuliza bintiye maji yako wapi. Nikaingia bafuni nikasugua kwa sabuni, haikutoka. Ile haitoki na maji, nilisahau! Nikaomba mafuta ya nazi. Nikajipaka, nikafuta kwa kitambaa, nikapaka tena, wanda ukanishuka mpaka shingoni, mpaka nikafikia ngozi yangu. Nikatoka uso unang'aa mafuta, kope zimegandana, sina hata poda. Nikakaa mbele yake tena.

Somo akanitazama. Mkono wake ukainuka, ukanishika kidevu kwa vidole viwili, ukanigeuza uso upande wa kulia ili shavu la kushoto lipate mwangaza. Akachukua pembe ya leso yake akanifuta tone la mafuta chini ya jicho.

"Somo," nikasema, "niwie radhi."

"Radhi ya ni? Keti, usitikisike." Akanifuta na upande wa pili. Akarudi nyuma kidogo, akanitazama tena, akaridhika. Kisha akainua sauti kuelekea ndani ya nyumba, sauti ile ile ya zamani, yenye haraka.

"Mwiteni mamake! Mwambieni aje, amuone mwanawe. Yuko tayari."

Bintiye akatokea mlangoni. Alimjua mama, alikuwapo siku tulipomzika. Akanitazama.

"Yuwaya, Somo, yu njiani," nikasema mimi.

"Haya." Akaniachia kidevu, akanishika mkono. "Basi tumngoje."

Tukangoja.